Baba wa Maonyesho

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani ameitambua anaombwa abaki na siri hiyo moyoni, maana ni nchi ya watu wazuri na serikali yake ina nia njema. Inaitwa Jamhuri ya Tulizana. Ina milima ya kutosha, mito ya kutosha na wizara arobaini na moja. Iliyo kubwa kuliko zote ni Wizara ya Familia, Maadili na Safari za Nje. Jengo lake lina ghorofa kumi na mbili, na ukiingia siku yoyote ya kazi hukuti mtu zaidi ya mlinzi, kwa sababu watumishi wote wako ng'ambo wakiitetea familia.

Miongoni mwa watetezi hao alikuwamo Bwana Mshamu Likwena, Mkuu wa Kitengo cha Akina Baba. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na sita, mpole, mwenye mwandiko mzuri mpaka mabalozi wa nchi nyingine walimwomba awaandikie kadi za sikukuu. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye mikutano ya mataifa na kuhakikisha kwamba kila azimio, liwe la bahari, la posta au la magonjwa ya migomba, linapata mstari mmoja unaosema familia iheshimiwe. Katika miaka kumi na moja alikuwa amehudhuria mikutano sitini na mitatu. Kwao Kisimani walimfahamu wachache. Jirani mmoja, mstaafu wa reli, aliwahi kuleta posa kwa Bi. Somoe, mke wa Mshamu. Alipoelezwa kwamba mwenye mke yu hai, aliomba radhi kwa adabu kubwa, akasema kwa miaka mitano hajaona mwanamume akitoka kwenye mlango ule.

Jambo hilo Mshamu aliweza kulicheka. Lililomkaa rohoni ni harusi ya Shani, binti yake wa kwanza. Kwa watu wa Kisimani, baba humshika bwana harusi mkono, kiganja kwa kiganja, mbele ya shehe na mashahidi, akatamka kwamba amemwoza binti yake. Baba asipokuwapo, humteua mwingine amwakilishe. Siku ya Shani, Mshamu alikuwa kwenye Mkutano wa Tatu wa Mataifa juu ya Wajibu wa Baba. Alimteua shemeji yake kwa simu amwakilishe, akiwa amesimama ukumbini kando ya mashine ya kahawa, na mtandao ukakatika mara nne. Shemeji akababaika, akamtaja bibi harusi kwa jina la mke wake mwenyewe, ikabidi waanze upya. Shani alisema si neno. Ila tangu siku ile, miaka minne sasa, humpigia simu mama yake tu, na baba huletewa salamu.

Kwa hiyo Arafa, kitinda mimba, alipochumbiwa na Hamdani fundi pampu, Mshamu aliapa kwamba safari hii atakuwapo kwa miguu yake.

“Baba, mimi sitaozwa na mashine ya kahawa,” Arafa alimwambia. “Wakija kuniuliza kama nimeridhia, na najua mwanamwali akinyamaza wanasema ndiyo hiyo, basi sitanyamaza. Nitasema bado. Nitasema bado mpaka nikusikie unakohoa nje ya chumba.”

“Utanisikia,” alisema Mshamu, na hapo hapo akakohoa kidogo kwa mazoezi.

*

Mwaka huo ulikuwa wa Mkutano Mkuu wa Mataifa juu ya Familia, uliofanyika katika mji mmoja wa baridi huko mbali. Ulipangwa kwenda wiki tatu na kufungwa Jumatano. Harusi ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Mshamu aliiangalia Alhamisi ile katikati, akaiona inatosha kabisa.

Waziri wa Familia alikuwa Mheshimiwa Gervas Mbalamwezi, mtu aliyehutubia hata anapoomba chumvi. Aliwakusanya watumishi wachache waliokuwa nchini kwa bahati mbaya.

“Ndugu zangu watumishi! Mataifa mengine yanapeleka vitabu, yanapeleka takwimu, yanapeleka vipeperushi. Je, familia ni kipeperushi? Hapana! Sisi, Tulizana, tutapeleka familia yenyewe! Tutaiweka pale ukumbini, iishi, ile, isalimiane, dunia iione!”

Walipiga makofi mpaka mlinzi akapanda kuja kuangalia. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Kanuni ya Tisa ya Safari za Nje, iliyotungwa na wizara hiyo hiyo, inasema mjumbe haruhusiwi kusafiri na mke, mume, mtoto wala mzazi wake, kwa kuwa familia huvuruga kazi.

Mshamu akanyoosha mkono. “Mheshimiwa, labda kanuni ilegezwe mara hii. Mimi nina mke na mabinti wawili. Tungekwenda kama tulivyo.”

Waziri alimtazama kwa masikitiko. “Ndugu Likwena, mtu wa heshima zako, unataka kuleta undugu kazini?”

Ikaundwa kamati, na kamati ikaunda familia kwa kufuata ikama ya watumishi wa wizara. Baba akawa Mshamu, kwa wadhifa wake. Mama akawa Bi. Eufrasia Mkude, Mkurugenzi Msaidizi wa Manunuzi, mwanamke mnene mwenye maneno machache, aliyekuwa na mume wake na watoto watatu nyumbani. Mtoto wa kwanza akawa Deusi, afisa itifaki wa miaka thelathini na minne, mwenye ndevu, ambaye kwa sadfa alikuwa mpwa wa Waziri. Mtoto wa pili hakupatikana, kwani katika wizara nzima hakukuwa na mtumishi wa chini ya miaka kumi. Kiti chake kiliwekewa kibao: NAFASI HII INAJAZWA.

Kila mmoja alipewa suti ya kitenge cha zambarau na machungwa, imeandikwa mgongoni FAMILIA KWANZA, na kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye muhuri wa Jamhuri. Cha Mshamu kiliandikwa BABA.

*

Banda la Tulizana lilikuwa sebule yenye kuta tatu. Kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, meza ya chakula, kabati la vyombo ambavyo havikutumika, na mlango. Ratiba ilibandikwa ukutani kwa lugha sita. Familia inakunywa chai. Baba anachukua mkoba, anaagwa, anakwenda kazini. Hapo Mshamu alitoka mlangoni, akazunguka nyuma ya pazia, akakaa juu ya stuli robo saa. Kisha ikawa jioni, baba akarudi na mkate, mtoto akampokea, wakala. Onyesho lilirudiwa mara sita kwa siku.

“Shikamoo baba,” alisema Deusi kwa sauti nzito, huku mabalozi wakipiga picha.

“Marahaba mwanangu. Umesoma leo?”

“Nimesoma, baba.”

Wiki ya kwanza ilipokwisha, Mshamu, akiwa kwenye stuli yake, alipiga hesabu akaona kwamba siku tano hizo amerudi nyumbani mara thelathini. Akajaribu kukumbuka amerudi mara ngapi Kisimani kwa miaka kumi na moja. Hazikufika thelathini. Alikaa akiutazama mkate, na Bi. Eufrasia ikabidi agonge ukuta kumwashiria kwamba jioni imeshafika.

Bi. Eufrasia naye alikuwa na yake. Mara nyingi, katikati ya kumwaga chai ya maonyesho, simu iliita mfukoni mwake, naye akainama nyuma ya kabati akinong'ona, “Pasi iko juu ya kabati, mwanangu. Si hilo, lile jingine. Muulize baba yako. Yuko wapi? Basi vaa hivyo hivyo.” Kisha akainuka na tabasamu, akaendelea kumimina.

Hotuba za Waziri zilitoka kwa marafiki. Kulikuwa na chama cha watu wema wa nchi za mbali, kiitwacho Marafiki wa Nyumba Imara, ambacho kiliwaandikia wajumbe wa nchi changa hotuba juu ya mila za nchi zao, ili wasipate taabu ya kuzikumbuka. Mshamu alitafsiri. Siku moja alimwendea Waziri na karatasi mkononi.

“Mheshimiwa, hapa panasema: ‘Tangu enzi za mababu zetu, theluji inapoanguka, bibi huwakusanya wajukuu kando ya tanuri.’ Kwetu theluji haijawahi kuanguka.”

“Ulikuwapo enzi za mababu?”

“Sikuwapo, Mheshimiwa.”

“Basi iache theluji.”

Waziri aliisoma kwa hisia kali. Wajumbe wa nchi za joto walipiga makofi, wa nchi za baridi walifuta machozi, na theluji ya Tulizana ikaingia katika kumbukumbu rasmi za mkutano.

*

Azimio lilikuwa na ibara ishirini. Kumi na tisa zilipita siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyezisoma. Iliyobaki ni ya kumi na nne, iliyosema kwamba familia ni msingi wa jamii. Tulizana ilitaka yaongezwe maneno matatu: baba akiwamo nyumbani.

Maneno hayo aliyabuni Mshamu mwenyewe, miaka saba nyuma, akiwa hotelini ana homa na hamu ya kwao. Wizara iliyapenda, ikayafanya msimamo wa taifa. Sasa nchi moja ilitaka iwe “baba au mwakilishi wake”. Nyingine ikataka “mara kwa mara”. Nyingine, ambayo rais wake alikuwa na nyumba tisa, ikauliza ni nyumbani kupi. Maneno yakafungiwa kwenye mabano, mabano yakazaa mabano, na Jumatano ya kufunga ilipofika ibara ilikuwa imejaza kurasa kumi na moja. Mwenyekiti wa mkutano akagonga meza, akatangaza kwamba kikao kinaongezwa hadi Jumanne ijayo.

Mshamu alichukua Fomu ya Udhuru wa Kifamilia, akaijaza kwa mwandiko wake bora kuliko wote. Fomu ilikubali udhuru wa aina mbili. Wa kwanza ni kifo cha mjumbe mwenyewe, ambapo mjumbe huambatanisha cheti. Wa pili ni sababu yoyote iliyoidhinishwa na Mkuu wa Kitengo cha Akina Baba.

“Mkuu wa kitengo hicho ni mimi, Mheshimiwa,” alisema Mshamu mbele ya Waziri.

“Na mwombaji?”

“Ni mimi pia.”

“Mgongano wa maslahi,” alisema Waziri, akairudisha fomu kwa ncha za vidole.

“Mheshimiwa, Ijumaa namwoza binti yangu. Wa kwanza sikuwapo. Huyu nimempa neno langu.”

“Hongera sana! Hongera kwa niaba ya taifa!” Waziri alisimama, na Mshamu akajua hotuba inakuja. “Lakini hebu tafakari, Ndugu Likwena. Tumekuja kupigania baba awe nyumbani. Sasa baba akienda nyumbani, nani atabaki kupigana? Dunia ikija bandani ikakuta kochi tupu, tutasema nini? Tuseme baba kaenda kumwona mtoto wake?”

“Ndivyo itakavyokuwa, Mheshimiwa.”

“Aibu hiyo haitatokea nikiwa waziri.” Kisha uso wake ukalainika, kwani hakuwa mtu mbaya. “Usihofu. Serikali ni baba wa wote. Nitamwagiza Mkuu wa Wilaya ya Kisimani amwoze binti yako kwa niaba yako.”

“Mheshimiwa, uwakilishi huo hutolewa na mimi, siyo na…”

“Usinishukuru,” alisema Waziri.

*

Jioni hiyo hiyo alipiga simu nyumbani. Bi. Somoe alipokea huku vyombo vikigongana nyuma yake na wanawake wakicheka.

“Mume wangu, hapa amekuja mtu na magari mawili na king'ora. Anauliza viti vya mbele viko vingapi, na kama shehe ana kipaza sauti. Anasema yeye ndiye wewe.”

“Ni Mkuu wa Wilaya.”

“Nimemwona. Ana tumbo kukuzidi.” Kisha Bi. Somoe akashusha sauti. “Mshamu, mimi nimezoea. Mimi uniache. Zungumza na mwanao.”

Arafa alichukua simu. “Baba, unakuja?”

“Nakuja.”

“Hata dada Shani ulimwambia hivyo.” Hakulia wala hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Mshamu kuliko kilio. “Basi mimi nitasema bado. Hamdani nimeshamwambia, amekubali kungoja. Watakaonuna, wanune.”

Mshamu alirudi bandani akakaa kwenye kochi la maonyesho. Bi. Eufrasia alikuwa akipanga vikombe. Hakumuuliza kitu, maana kuta za kadibodi hazifichi simu.

“Ndege iko kesho saa tano,” alisema, bado akipanga vikombe. “Miaka ishirini nanunua tiketi za wizara hii, moja itanishinda? Utalipa kwa posho yako. Hati yako ya kusafiria naijua ilipo, iko kwenye sanduku la Waziri pamoja na zetu.”

“Waziri akiuliza?”

“Nitamwambia mume wangu haniagi anapokwenda. Ataamini. Ni la kawaida.”

*

Alhamisi asubuhi banda lilikuwa limejaa. Familia ilikunywa chai. Mtoto wa kwanza aliamkia. Saa ya baba kwenda kazini ilipofika, Bi. Eufrasia alimkabidhi mkoba.

“Baba Deusi, mkoba wako. Leo mzito kidogo.”

“Ahsante, mama Deusi. Niwaletee nini?”

Swali hilo halikuwamo kwenye ratiba. Bi. Eufrasia alimtazama, macho yakamjaa maji. “Wasalimie tu,” akasema.

“Kazi njema, baba,” alisema Deusi.

Mshamu alitoka mlangoni. Akapita pazia, akapita stuli, akapita mashine ya kahawa, akapita walinzi waliompigia saluti kwa sababu ya muhuri, akatoka nje kwenye baridi na suti yake ya zambarau na machungwa.

Bandani robo saa ilipita. Deusi alitazama mlango. Nusu saa ikapita, akauliza, “Mama, mbona baba harudi?” na watazamaji wakasogea karibu, maana alikuwa anauliza kweli. Bi. Eufrasia alikata nyanya, akasema baba yuko kazini. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imezunguka ukumbi. Balozi mmoja mzee wa nchi tajiri alisimama pale muda mrefu, kisha akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba katika mabanda yote, hili peke yake limeonyesha familia kama ilivyo, na kwamba kwao ilikuwa hivi hivi. Jioni hiyo banda la Tulizana lilipewa nishani ya uhalisia.

*

Kisimani, Ijumaa, swala iliisha saa saba. Saa saba u nusu Mkuu wa Wilaya alisimama kutoa maneno mafupi ya utangulizi, yenye kurasa thelathini na mbili. Shehe Ambari, aliyekuja kufungisha ndoa ya dakika kumi, alifumba macho akavuta uradi. Hamdani alikaa kwenye zulia akiwa na kanzu mpya, mkono wa kulia tayari juu ya goti. Mara mbili mashahidi walitumwa ndani kumuuliza bibi harusi kama ameridhia, na mara mbili walirudi wakasema anasema bado. Mkuu wa Wilaya alidhani ni hotuba yake inayoombwa iendelee. Akaendelea.

Saa tisa alikuwa ukurasa wa ishirini na saba. Aliinua kidole. “Ndugu wananchi, tujiulize. Baba ni nani?”

“Mimi hapa,” alisema Mshamu kutoka mlangoni.

Watu wote waligeuka. Alikuwa amesimama na mkoba mkononi, suti imekunjamana kwa ndege tatu na teksi moja.

“Tafadhali usiingilie,” alisema Mkuu wa Wilaya. “Mimi namwakilisha baba wa bibi harusi, kwa maagizo kutoka juu.”

“Huyo baba ndiye mimi.”

“Una uthibitisho?”

“Huyu namjua tangu tukiwa chuo cha Kurani tunachapwa pamoja,” alisema Shehe Ambari akifumbua macho. “Ni Mshamu, baba yake Arafa.”

“Shehe, kwa heshima, hayo ni maneno ya mdomo. Ninaulizia hati.”

Mshamu alipapasa shingoni. Kitambulisho kilikuwa bado kinaning'inia. Akakinyoosha. Mkuu wa Wilaya aliinama, akasoma BABA, akaukagua muhuri wa Jamhuri pande zote mbili, kisha akasimama wima na kufunga faili lake.

“Samahani sana, mzee. Ungesema mapema.”

Mshamu hakwenda kukaa kwanza. Alizunguka uani mpaka nje ya dirisha la chumba cha wanawake, akakohoa. Sauti ya Arafa ikatoka, kubwa, isiyo ya mwanamwali hata kidogo: “Nimeridhia!” Mashahidi walikuwa hata hawajainuka. Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka kwa mstaafu wa reli.

Akarudi, akakaa, akamshika Hamdani mkono. Ulikuwa mkono wa fundi, mgumu, na weusi wa grisi ulibaki kwenye mistari ya kiganja japo ulikuwa umesuguliwa sana. Mshamu aliushika kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Alitamka maneno ya kumwoza binti yake Arafa, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na Hamdani akajibu kwamba amekubali. Hapo machozi yakamtoka Mshamu mbele ya watu, wala hakuyafuta.

Alipoinua uso alikuta mtu amesimama mbele yake na glasi. Alikuwa Shani.

“Baba, kunywa maji,” alisema. “Umetoka mbali.”

*

Ibara ya kumi na nne ilipita Jumanne kwa kauli moja. Ilisema familia ni msingi wa jamii, baba akiwamo nyumbani, isipokuwa anapokuwa kwenye mikutano ya kuitetea ibara hii. Waziri alirudi na nishani ya uhalisia na kupokewa kwa ngoma. Siku ya pili yake, barua ilifika Kisimani. Mshamu aliisoma kwa sauti barazani, mkewe akichambua mchele.

“‘Unatuhumiwa kwamba siku ya Alhamisi uliitelekeza familia yako ughaibuni, yaani mke mmoja, mtoto mmoja na nafasi moja inayojazwa, bila matunzo wala taarifa, kinyume cha maadili ambayo wizara hii imeapa kuyalinda.’”

Bi. Somoe alisimamisha ungo. “Familia ipi hiyo?”

Ilibidi amweleze upya, na hata baada ya kuelezwa aliendelea kucheka mpaka mchele ukamwagika.

Baraza la nidhamu lilikaa ghorofa ya kumi na mbili, chini ya uenyekiti wa Waziri mwenyewe. Deusi alitoa ushahidi akasema tangu siku ile hana wa kumwongoza. Bi. Eufrasia aliitwa kama mke aliyetelekezwa, akaulizwa kama anadai talaka. Alijibu kwamba mkoba aliufunga yeye, na kwamba angekuwa na mtu wa kumfungia wa kwake angeondoka siku hiyo hiyo. Baraza liliamuru maneno hayo yafutwe kwenye kumbukumbu.

“Mtuhumiwa,” alisema Waziri, “unakiri kwamba uliiacha familia?”

“Nilikwenda kwenye familia, Mheshimiwa.”

“Hilo litazingatiwa kama shtaka la pili.”

Walinong'ona nusu saa. Kanuni za wizara zina adhabu tatu: onyo la mdomo, onyo la maandishi, na ya tatu, ambayo haijawahi kutolewa tangu uhuru. Waziri alivaa miwani. Mjumbe mmoja aliinamisha kichwa, asiweze kutazama.

“Ndugu Mshamu Likwena, baraza limesikitika, lakini halina jinsi. Kwa muda wa miaka mitano hutasafiri. Utafanya kazi ofisi ya wilaya, Kisimani. Kila siku saa tisa u nusu utarudi kwako, na utakaa huko, usiku na mchana, Jumamosi na Jumapili, na mke wako na watoto wako.” Alivua miwani. “Ungefikiria mapema.”

Mshamu alitazama chini, maana hakuuamini uso wake.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mstaafu wa reli alikuwa kwenye ua wake; alipomwona akitia ufunguo mlangoni alishtuka, kisha akakumbuka, akampungia mkono. Bi. Somoe alikuwa mlangoni.

“Wamekupa nini?”

“Miaka mitano.”

“Ya jela?” Alishika kifua.

“Ya hapa. Niishi nawe kila siku.”

Bi. Somoe alimtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka kofia, kama mtu anayepima kitambaa. “Na rufaa inaruhusiwa?”

“Inaruhusiwa.”

“Anakata nani, wewe au mimi?”

Rufaa ilikatwa, na anayetaka kuiona aende Tulizana, ataikuta. Mshamu aliiandika usiku huo huo mezani, Bi. Somoe akimsahihisha, kwa ule mwandiko wake mzuri. Alisema kwamba ametafakari uzito wa kosa lake, amejiona hastahili huruma, na anaiomba wizara iongeze adhabu hiyo iwe miaka ishirini. Barua iko mapokezi, kwa mlinzi. Haijajibiwa, kwa kuwa watumishi wote wako safarini.